Kikamulio cha Shilingi 12,000: Miezi Mitatu ya Wiski na Limau Jikoni Kwangu, Tabora

Kikamulio ninachokitathmini hapa ni kile cha mkono, cha alumini iliyopakwa rangi ya njano, chenye mikono miwili iliyounganishwa kwa pini na vikombe viwili vinavyoingiliana, cha chini kikiwa na matundu. Nilikinunua katika soko kuu la Tabora, kwenye meza ya kijana anayeuza masufuria, vijiko na mabakuli ya plastiki, kwa shilingi 12,000 baada ya yeye kuanza na 15,000. Hakikuwa na boksi wala karatasi ya maelekezo, na jina la kiwanda halikuandikwa popote. Muuzaji mwenyewe hakukiita kikamulio bali "mashine ya ndimu", jina ambalo, kama nitakavyoeleza, lina ukweli kuliko alivyokusudia. Wengi hukinunua kwa ajili ya kachumbari na mchuzi wa samaki. Mimi nilikinunua kwa ajili ya wiski na limau, kinywaji ambacho nimekuwa nikikitengeneza nyumbani kwangu Isevya kila Jumamosi jioni kwa miezi mitatu sasa, na tathmini hii inakipima chombo hicho kwa kazi hiyo tu.

Sababu ya kuanza kujitengenezea haina fumbo. Ukiagiza wiski na limau katika baa, mara nyingi utaletewa wiski, barafu na chupa ya soda yenye ladha ya limau, na ukiuliza limau lenyewe liko wapi, mhudumu atakuletea kipande chembamba kilichokatwa tangu mchana, kingo zake zimeshakauka. Simlaumu mhudumu, maana kukamua malimau mabichi kwa kila mteja ni kazi ya mikono na ya muda, na kazi hiyo ndiyo hasa inayokifanya kinywaji hiki kiwe kitu kingine mbali na soda iliyotiwa pombe. Maji ya limau yaliyokamuliwa papo hapo yana ukali, yana harufu, na yana uchungu kidogo unaotoka kwenye ganda. Yakilala kwenye jokofu hadi kesho yake, ukali hubaki lakini harufu huwa imekwenda zake. Anayetaka kuwaandalia wageni wanne glasi moja moja anahitaji mililita zipatazo 120 za maji hayo, tena anazihitaji ndani ya dakika chache kabla barafu haijayeyuka. Ndiyo maana chombo cha kukamulia si pambo la jikoni katika shughuli hii.

Kwa majuma mawili ya mwanzo niliona nimetupa fedha. Nilikuwa nikikata limau nusu na kuiweka kwenye kikombe chenye matundu huku mgongo wake ukiwa chini, kwa kuwa umbo la nusu limau na umbo la kikombe vinafanana kiasi kwamba mtu hafikirii njia nyingine, kisha ninabana. Maji yaliruka pembeni, yakanipata machoni na kwenye shati, na kilichodondoka kwenye bakuli kilikuwa kidogo kuliko ambacho mkono mtupu ungetoa. Binti yangu, aliyekuwa akisubiri zamu yake ili akamue ndimu za juisi ya embe, alinitazama siku moja akasema, "Baba, geuza. Lililokatwa litazame matundu, mgongo uwe juu." Nilibisha kidogo, kama akina baba tunavyobisha, halafu nikageuza. Kikombe cha juu kiliusukuma mgongo wa limau ukabonyea, ganda likageuka la ndani likawa nje kama soksi inayovuliwa, na maji yote yakashuka kupitia matundu yakaingia bakulini bila tone kwenda kwingine. Hapo ndipo nilipoelewa uzito wa neno "mashine": mikono ile mirefu ni wenzo, na nguvu ndogo ya kiganja huku mwishoni huwa nguvu kubwa karibu na pini, lakini wenzo haumsaidii mtu aliyeweka mzigo kinyume. Ninaliandika jambo hili kwa urefu kwa sababu nimewauliza majirani watatu wenye chombo kama hiki, na wote watatu walikuwa wakikitumia kama nilivyokuwa nikikitumia mimi.

Nilipokwisha kukijua, nilikipambanisha na njia mbili nyingine zilizokuwamo jikoni, yaani mkono mtupu, na kile kikamulio cha plastiki chenye kichwa cha mifereji ambacho limau hubanwa juu yake na kuzungushwa. Nilichukua malimau tisa ya fungu moja, yaliyolingana kwa macho, nikayagawa matatu matatu. Kipimo changu kilikuwa bomba la sindano la mililita 20, bila sindano yenyewe, nililolinunua duka la dawa, na ninalipendekeza kwa kila mtu asiye na vipimo vya baa kwa kuwa halidanganyi kama kijiko. Mkono ulitoa mililita 84, plastiki 110, alumini 118. Tofauti kati ya plastiki na alumini ni ndogo, nami nisingemshauri mtu yeyote atoe shilingi 12,000 kwa sababu ya mililita nane, kwani plastiki ile iliuzwa shilingi 2,000. Faida yenyewe iko kwingine. Kwa alumini, malimau matatu yalikwisha kabla ya dakika moja, mbegu zote zikabaki juu ya matundu, na vidole vyangu, ambavyo siku hiyo vilikuwa na mchubuko, havikuonja asidi hata kidogo. Kwa plastiki nililazimika kuchuja kwa kichujio cha chai, na nusu ya nyama ya limau ilinyofoka ikaingia kwenye maji, jambo lisilo na ubaya katika juisi ya watoto lakini linaloacha utando usiopendeza kwenye glasi ya wiski.

Niongeze hapa, kabla sijasahau, kwamba limau lililotoka moja kwa moja kwenye jokofu hutoa maji machache kwa njia yoyote ile. Liache mezani lipoteze ubaridi, kisha libingirishe chini ya kiganja kwa kulikandamiza mpaka ulihisi limelainika.

Lakini kikamulio hiki hakikuundwa kwa malimau yetu. Kikombe chake kina upana wa takriban sentimita saba; ndimu huingia bila shida, na limau dogo la ganda laini huingia kama limepimiwa. Limau ninalolipata kwa wingi hapa ni lile kubwa, lenye ganda nene la vinundu na mbegu nyingi, ambalo nusu yake hubaki imekaa juu ya kikombe kama kofia iliyomzidi mtoto. Ukilazimisha, mikono ya chombo hupinda na maji hutokea ubavuni. Dawa yake ni kulikata robo badala ya nusu na kuziingiza robo mbili kwa pamoja, nyama ikitazama matundu, jambo linaloongeza kazi na kupunguza ile sifa ya haraka niliyoitaja. Mlimau ninaochumia uko nyuma ya nyumba ya mama mmoja, jirani yetu wa miaka mingi, mtu wa sala tano, ambaye kwake siwezi kutamka neno wiski. Nilipokwenda mara ya kwanza nilibisha hodi nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia, "Marahaba, baba. Kifua kimekubana?" Nikasema, "Kidogo tu, mama," na tangu siku hiyo ananihurumia kwa kikohozi kisichoisha. Alinijazia malimau manane kwenye mfuko, akanisisitizia nichanganye na asali, tena isiwe ile ya chupa za barabarani isiyojulikana ilikotoka, bali ya wilaya ya Sikonge, kutoka kwa mtu anayemfahamu. Ushauri ule uliokusudiwa kifua ndio uliobadilisha kinywaji changu kuliko kikamulio na wiski kwa pamoja.

Kabla ya asali nilikuwa nikitumia shira ya sukari, kikombe kimoja cha sukari kwa kikombe kimoja cha maji, ikachemshwa mpaka sukari ipotee na kuachwa ipoe. Shira ya namna hiyo haina ubaya wowote. Kwa hakika ndiyo inayoliacha limau lisikike waziwazi, na mtu anayetaka kukipima kikamulio kwa haki aanze nayo. Asali ni shughuli nyingine. Kwanza haiyeyuki katika maji ya limau yaliyo baridi. Huzama ikatulia chini ya glasi, mnywaji akaanza na ukali mtupu na kumalizia na utamu mtupu. Lazima ifanywe shira kwanza, vijiko viwili vya asali kwa kijiko kimoja cha maji ya moto, ikorogwe mpaka iwe laini, iachwe ipoe. Pili, asali huhisiwa ni tamu kuliko sukari, kwa hiyo aliyezoea kipimo cha shira ya sukari apunguze, la sivyo atalaumu limau kwa kukosa ukali.

Jambo la tatu ndilo lililonifurahisha. Asali ya misitu ya miombo, ile ambayo nyuki huitoa kwenye maua ya mitundu na miuba, mara nyingi huwa na rangi ya chai ya rangi na ladha nzito, na ile iliyorinwa kwa njia za zamani, kwa mienge ya moto chini ya mizinga ya magome, huja na moshi ndani yake. Wataalamu wa nyuki, na mji huu una chuo kizima cha ufugaji nyuki, huuhesabu moshi huo kuwa dosari, kwa kuwa mnunuzi wa nje hautaki, nao wana haki. Katika glasi ya wiski na limau, hata hivyo, moshi ule hufanya kazi ambayo watu wa kisiwa cha Islay, Scotland, hulipiwa fedha nyingi kuifanya, maana wao hukausha shayiri yao kwa moto wa mboji iliyokaushwa, ile ya mimea iliyooza kinamasini, mpaka wiski yenyewe inukie moshi. Nilijaribu asali mbili kwa siku moja, nyeupe iliyokamuliwa kwa mashine na nyeusi ya mzinga wa gome. Ile nyeupe ilitoa kinywaji kizuri kisichokumbukwa. Ile nyeusi ilimfanya shemeji yangu, ambaye huwa hazungumzi akinywa, aweke glasi chini na kuuliza, "Shemeji, hii chupa umeitoa wapi?" Ilikuwa chupa ileile ya juma lililotangulia.

Turudi kwenye kikamulio, kwa kuwa hapa ndipo kinapoonyesha tabia yake ya ndani. Kwa sababu kinaligeuza ganda la ndani likawa nje, hakikamui maji peke yake. Kinabana na mafuta yaliyomo kwenye ganda la nje, yale yanayowaka ukiyarushia moto wa kibiriti, na sehemu ya mafuta hayo hushuka pamoja na maji. Kiasi kidogo ni neema, kwani ndicho kinachoipa glasi harufu ya limau hata kabla mdomo haujafika. Kikizidi, ulimi hufa ganzi na uchungu hukaa kooni. Malimau yetu ya ganda nene yana mafuta mengi, na mtu mwenye mkono mzito, aliyezoea kukamua tui mpaka chicha itoe jasho, ataharibu kinywaji kwa bidii yake. Nimejifunza kubana mara moja, kwa mkono ulio imara lakini usio na hasira, na kuacha pale maji yanapopungua kuwa matone. Mililita chache zinazobaki kwenye ganda ni halali ya mbuzi wa jirani. Na malimau yaoshwe vizuri kwa maji ya vuguvugu kabla ya kukatwa, kwa sababu kila kilichoko juu ya ganda, vumbi la soko likiwemo, huteremka kwenye bakuli pamoja na mafuta hayo.

Kuhusu wiski nitasema machache, kwa kuwa watu hulipa jambo hili uzito kuliko linavyostahili. Limau ni kali. Maji yake yana asidi ya sitriki inayokaribia sehemu sita kwa mia, na mbele ya ukali huo tofauti ndogo za chupa ya bei kubwa hazionekani. Wiski ya miaka 12 au zaidi inywewe yenyewe. Nimetumia zaidi Jameson ya Ireland, ambayo hukenekwa, yaani huchemshwa na mvuke wake kukusanywa, mara tatu na kwa hiyo ni nyororo, haina moshi, na inaiachia asali nafasi ya kuleta moshi wake. Ilianzia Dublin mwaka 1780 na tangu mwaka 1975 hutengenezwa Midleton, katika kaunti ya Cork. Chupa ya pili ilikuwa Jack Daniel's ya Marekani, inayochujwa kwenye mkaa wa mti wa mepo (maple) kabla ya kuingizwa kwenye mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa kwa ndani, na mapipa hayo huipa utamu wa sukari iliyoungua na vanila. Kwa hiyo humo nilipunguza asali karibu nusu. Wiski yenye moshi wake wa asili sikuipenda na asali nyeusi, kwa sababu moshi mbili zinagombana, ila na shira ya sukari inakwenda vizuri.

Wamarekani wana kinywaji chao cha namna hii kiitwacho Lynchburg Lemonade, kilichochukua jina la mji mdogo wa Tennessee inakotengenezwa hiyo Jack Daniel's, katika kaunti ambayo, kwa kichekesho cha sheria zao, kwa miaka mingi ilipiga marufuku uuzaji wa pombe. Humo huongezwa pombe tamu ya machungwa. Hiyo sijaiona kwenye duka lolote hapa mjini, lakini ganda la chungwa lililomenywa jembamba, likakunjwa juu ya glasi ili mafuta yake yarukie kinywaji, linafanya kazi hiyo bila gharama. Shemeji aliuliza kama Konyagi ingefaa. Inafaa na limau, nayo ina mashabiki wake wa haki, lakini haijakaa kwenye mbao, na bila ile ladha ya mbao kinachopatikana ni kinywaji kingine chenye jina lingine. Ununue chupa wapi? Kwa muuzaji unayemfahamu, na uitazame stempu ya kodi ya kielektroniki iliyobandikwa kwenye chupa, ambayo imekuwa ikitumika kwa pombe kali tangu mwaka 2019 na inaweza kuhakikiwa kwa simu. Pombe kali ya bandia haina mchezo, na limau, kwa ukali wake, huficha dosari ambazo ulimi ungezigundua.

Kipimo nilichokifikia baada ya Jumamosi nyingi za kuongeza na kupunguza ni hiki: wiski mililita 50, maji ya limau mililita 30, shira ya asali mililita 20, maji baridi au maji yenye gesi mililita 100. Vitu vitatu vya kwanza ninavitia kwenye chupa ya jamu yenye mfuniko, pamoja na vipande vya barafu, naitikisa mpaka chupa inauma mkono kwa baridi, ninachuja kwenye glasi yenye barafu mpya, halafu namimina maji polepole na kukoroga mara moja tu. Kama maji yana gesi, yasiingie kwenye chupa kabisa; mtu aliyesahau jambo hili ataosha dari. Barafu iwe kubwa. Katika joto la Tabora la mwezi Oktoba, vipande vidogo vya trei huyeyuka kabla mazungumzo hayajakolea, na glasi inageuka maji yenye kumbukumbu ya limau. Mimi hugandisha maji yaliyochemshwa kwenye vikombe vya plastiki vya chai, bonge moja kwa glasi moja, tangu Ijumaa usiku, kwa kuwa umeme hauna ahadi na mtu.

Wageni waambiwe wanakunywa nini. Mililita 50 za wiski yenye asilimia 40 zina mililita 20 za pombe halisi, yaani karibu na bia ya mililita 500 yenye asilimia 5, ambayo ina mililita 25. Lakini bia hiyo hunywewa kwa nusu saa, ilhali glasi hii, yenye asilimia 10 ya pombe, hushuka kama juisi kwa kuwa limau na asali vimeifunika. Shemeji alikunywa tatu kabla sijamwonya, akalala kwetu, baiskeli yake ikalala uani.

Sasa kasoro za chombo. Baada ya juma la sita rangi ya njano ilianza kubanduka kwenye ukingo wa matundu, na alumini ikabaki uchi. Asidi ya limau huishambulia alumini isiyofunikwa. Ukiyaacha maji kwenye kikombe kwa muda, au usipokiosha hadi asubuhi, utakuta madoa ya kijivu na ladha ya chuma katika mkamuo unaofuata. Nilikuta pia chembe moja ya rangi ndani ya bakuli, na tangu hapo nimekuwa nikichuja maji yote, hata yasiyo na mbegu, jambo linaloondoa sehemu ya sifa niliyoipa chombo hiki hapo juu. Ninakiosha mara tu ninapomaliza, kwa maji ya moto na sabuni, ninakikausha kwa kitambaa, na mahali palipobanduka nimepakwangua kabisa ili pasiendelee kumeguka. Muuzaji, nilipomweleza, alisema rangi ni urembo tu. Ni kweli, lakini urembo unaoingia kwenye kinywaji una gharama yake.

Pini nayo ilianza kulegea mwezi wa pili, kwa sababu ya zile siku nilizolazimisha nusu za malimau makubwa. Vikombe vikawa havikutani sawasawa, kimoja kikiegemea upande, na maji yakaanza tena kunirukia. Nilikipeleka kwa fundi baiskeli aliye chini ya mwembe karibu na kwetu, naye aliigonga ile pini akaitoa, akaweka bolti na nati yenye washa, akatoza shilingi 1,000. Kinafanya kazi vizuri kuliko kilipokuwa kipya, na nati inaweza kukazwa kwa spana kila inapolegea. Kama ningekuwa nakinunua leo, ningekipitishia kwa fundi kwanza kabla ya kukipeleka jikoni.

Mtu mwenye kiganja dhaifu asikinunue. Mama mkwe wangu, aliye na maumivu ya viungo, alijaribu mara moja akakirudisha mezani kimyakimya na kuchukua kile cha plastiki, ambacho hutumia uzito wa mkono mzima badala ya nguvu ya vidole. Vilevile mtu anayetengeneza glasi moja kwa mwezi hana haja nacho. Kwa anayetumia ndimu, kwa mwenye malimau madogo, na kwa anayewakaribisha watu wanne au zaidi, ninakipendekeza, kwa sharti la kuitazama pini na kukiosha mapema.

Kijana wa sokoni ameleta kingine, kikubwa zaidi, cha chuma kisichopakwa rangi, anachokitaka shilingi 25,000. Nimekishika mara mbili. Pini yake imefungwa kwa riveti pande zote mbili na mikono yake ni mizito, lakini kwa macho siwezi kujua kama kikombe kinatosha malimau ya kwetu, kwa hiyo mwisho wa mwezi nitakwenda na limau kubwa la mama jirani mfukoni, nikaliweke humo mbele ya kijana huyo, mgongo juu, kabla hatujaanza kuzungumza bei.